Shuka ya Simon na Mwezi wa Mirihi

Tarehe 16 Desemba 2013, siku ya Jumatatu, tulimpoteza Simon, mwalimu wa fizikia. Nasema tulimpoteza kwa sababu hilo ndilo neno ninaloweza kuliapia. Alitoka nyumbani kwake Gudele asubuhi, mji wa Juba ukiwa umeamkia milio ya bunduki, akamwambia mkewe anakwenda kuangalia kama njia ya Munuki inapitika, kisha arudi awachukue yeye na mtoto. Hakurudi. Hakuna aliyemwona akianguka, na hakuna mwili uliopatikana. Simon alikuwa na mistari ya kabila lake kwenye paji la uso, na wiki hiyo mistari hiyo ilitosha mtu kuuawa.

Nimestaafu mwaka huu, na ninyi walimu vijana wa sayansi mmeniomba niandike jinsi tulivyofundisha, hasa lile somo la shuka. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wengi wenu mlisomea Kenya na Uganda, na kwa sababu ndicho tulichozungumza mimi na Simon. Kiingereza tulikiweka ubaoni. Kiarabu cha Juba tulikitumia sokoni na wakati wa kuwanyamazisha wanafunzi. Kuhusu vyeo na mishahara sitaandika, maana hayo hayajazi hata nusu ukurasa.

Mimi nilikulia Kitale, wazazi wangu walikokimbilia wakati wa vita vya zamani. Nilimaliza kidato cha nne kwa alama ambazo hakuna aliyenipongeza, nikapata kozi fupi ya ualimu, na baada ya mkataba wa amani nikarudi Juba, mji ambao sikuukumbuka. Nilianza kufundisha sayansi katika shule moja ya Munuki. Siku ya kwanza darasa lilikuwa limejaa hadi madirishani, na wanafunzi wengine walikuwa na ndevu. Mmoja aliingia na buti za jeshi, akakaa mbele kabisa, akaniuliza kama mimi ndiye mwalimu au nimeleta chai. Nilimwambia chai itakuja baadaye, sasa tunasoma joto. Darasa likacheka, naye akacheka, tukaanza. Jina lake lilikuwa Lado, na alikaa katika shule ile miaka mingi kuliko walimu wengi, kwa sababu kila mara jeshi lilimwita akaenda, kisha akarudi kuanzia pale alipoachia.

Maabara yetu ilikuwa sanduku la bati lenye kufuli. Ndani yake kulikuwa na mizani iliyokosa jiwe moja la uzani, tukatumia betri ya tochi badala yake, sumaku mbili, lenzi iliyopasuka ukingoni, na waya wa kila namna. Nilifundisha kwa sanduku hilo kwa miaka kadhaa na nilidhani nafundisha vizuri. Nilisema, nikaandika, wakanakili. Aliyekosea nilimsahihisha, nikafuta kosa lake haraka asije akaaibika.

Simon alikuja miezi michache baada ya uhuru, wakati pikipiki za boda boda bado zilikuwa na bendera ndogo kwenye usukani. Alikuwa amekulia kambini Kakuma, akasomea ualimu Nairobi. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, na ndiye aliyenifundisha kazi. Wiki yake ya kwanza aliomba kukaa nyuma ya darasa langu. Tulipotoka aliniuliza, "Dada Keji, mbona umefuta jibu la yule kijana?"

"Kwa sababu lilikuwa si sahihi, Mwalimu."

"Basi ndiyo sababu ya kuliacha. Jibu sahihi ni la kitabu. Lile kosa ndilo lilikuwa lake mwenyewe, na wewe umemnyang'anya."

Kesho yake alichora mstari katikati ya ubao wangu, kutoka juu hadi chini. Kushoto aliandika Tulichotarajia, kulia Tulichoona. Kabla ya jaribio lolote wanafunzi waseme kitakachotokea, na kiandikwe. Baada ya jaribio waseme kilichotokea, nacho kiandikwe. Hakuna kufuta upande wowote. Zikitofautiana, hapo ndipo somo linapoanzia. Nimeutumia mstari huo hadi siku yangu ya mwisho, na kama kuna kitu kimoja cha kuchukua katika maandishi haya, chukueni huo. Hauhitaji umeme.

Mwezi wa Novemba 2013, siku ya Jumapili, jua lilipatwa. Wengi wenu mlikuwa watoto. Simon aliwaita wanafunzi shuleni baada ya ibada, akatoboa katoni za maji kwa sindano, akawafundisha kutazama taswira ya jua kwenye karatasi badala ya kulitazama lenyewe. Jua liliumwa pole pole hadi likabaki kama ukucha. Mwanga uligeuka kuwa wa ajabu, si wa jioni na si wa mvua. Ng'ambo ya uzio kina mama walikuwa wanaanua nguo kwenye kamba, na mmoja alitupigia kelele, "Walimu, zimeni hiyo kitu yenu, nguo hazijakauka!"

Wiki ile ile Simon alirudi kutoka kwa rafiki yake wa chuo kikuu, kule mtaa wa Atlabara, akiwa na flashi mfukoni. Ndani yake kulikuwa na filamu ya kupatwa kwa jua, lakini si hapa. Ilipigwa kwenye sayari ya Mirihi, na gari lisilo na dereva lililopelekwa huko likiwa na kamera. Mirihi ina miezi miwili midogo. Mmojawapo, Fobosi, ulipita mbele ya jua, na lile gari likaupiga picha kutoka chini. Filamu haikuwa na rangi wala sauti, na ilikuwa fupi: ukikohoa, imekwisha.

"Tukiionyesha kwenye kompyuta wataona watatu," Simon alisema. "Nataka ukuta mzima."

Projekta ya pekee tuliyoijua ilikuwa ya Waswa, Mganda mwenye kibanda cha video karibu na stendi ya boda boda. Usiku alionyesha mpira, mchana filamu za ngumi, naye mwenyewe alishika kipaza sauti akizitafsiri filamu hizo kwa Kiswahili chake huku zikiendelea. Tulimkuta anafagia.

"Hii filamu yako nani anapiga nani?" aliuliza.

"Hakuna anayempiga mwenzake," Simon alisema. "Mwezi unapita mbele ya jua."

"Halafu?"

"Halafu unatoka."

Waswa aliegemea ufagio. "Bwana mwalimu, mimi iko na wateja. Hii kitu watu atalala."

Lakini alikuja. Aliibeba projekta yake ndani ya blanketi kama mtoto mwenye homa, na hakuruhusu mtu mwingine aiguse. Simon alileta shuka nyeupe kutoka nyumbani kwake, tukaitundika kwenye ukuta wa darasa kwa misumari, tukaziba madirisha kwa magunia. Jenereta ikawashwa. Jua la Mirihi likatokea kwenye shuka, duara jeupe lililotulia, dogo kuliko walivyotarajia, na wakaliandika hilo.

Waswa aliweza kunyamaza muda mfupi tu. Ule mwezi ulipougusa ukingo wa jua, kazi yake ilimshinda.

"Sasa nyinyi angalia!" alipaza sauti. "Jua iko pale, iko kubwa, iko na jeuri. Adui anaingia! Adui ni mdogo, hana hata sura, lakini haogopi! Ye nakuja mbio, ye nakuja mbio, ye napita katikati ya tumbo... ye naenda! Polisi iko wapi?"

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Simon alicheka hadi akashika ukuta. Tulipoirudia filamu mmoja alisema ule si mwezi, ni karanga. Mwingine akasema ni kiazi kilichoumwa na panya. Simon akawaambia ni mwezi kweli, ila ni mdogo mno. Kitu kikubwa hujivuta chenyewe kwa uzito wake kikawa mviringo. Kidogo hakina nguvu hiyo, hubaki na sura yoyote kiliyojaliwa. Ndiyo maana pia haukuweza kulifunika jua lote.

Lado, yule wa buti, hakucheka. "Kalam fadi," alisema, yaani maneno matupu. "Mwezi wetu Jumapili ulichukua muda hadi shingo ikauma. Huu umepita kama mtu amekopa. Mwezi gani unakimbia hivyo?"

Simon alimtazama kana kwamba amepewa zawadi. "Ya Lado," alimwita kwa Kiarabu cha Juba, "hilo ndilo swali la mwaka mzima. Lete jiwe na kamba."

Mnajua jaribio la jiwe na kamba. Unalizungusha juu ya kichwa, kisha unaifupisha kamba, nalo linazunguka kwa kasi zaidi. Mfano huo una kasoro, kwa sababu angani hakuna kamba, na Simon alinitaka niiseme kasoro hiyo kila mara. Kinachovuta ni uzito wa sayari yenyewe. Ukiwa karibu unavutwa kwa nguvu zaidi, na usipokwenda mbio utaanguka. Fobosi uko karibu sana na Mirihi, kwa hiyo huizunguka mara tatu kabla siku moja ya huko haijaisha. Mwezi wetu uko mbali, unatembea kama mtu mwenye heshima zake.

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimeliona mahali popote. Aliirudisha filamu mwanzo, akasimama karibu na shuka, akatoa kalamu nene tulizopewa kwenye semina. Alichora duara la jua juu ya shuka yenyewe, akiufuata ukingo wa mwanga, na akatia alama ya kwanza pale mwezi ulipoingia. Baada ya hapo alipiga benchi kwa kiganja kwa mwendo sawa, paa, paa, na kila alipopiga Waswa alisimamisha filamu na mwanafunzi mmoja akaja kutia alama mahali mwezi ulipofika. Mwishoni shuka ilikuwa na duara moja kubwa na mstari wa vidoa uliolikata. Wakapima kwa rula. Simon akawapa upana wa jua kama linavyoonekana kutoka Mirihi, na wao wakatafuta mwezi huo ungechukua muda gani kuzunguka anga lote kwa kasi ile. Jibu la darasa lilikosea kiasi. Aliliacha ubaoni, kulia kwake akaandika jibu la vitabu, akawauliza tofauti imetoka wapi.

Hesabu yenyewe, niwe mkweli, mimi sikuwahi kuimaliza bila kuangalia karatasi yake. Lakini jambo moja nililielewa siku ile ile. Alisema waliopiga filamu hawakubahatisha. Walijua siku na saa, wakaielekeza kamera juu na kungoja. "Na mwezi huo," akasema, "haufiki sawasawa na walivyohesabu. Hutofautiana kidogo sana. Wamezikusanya tofauti hizo kwa miaka, na kwa tofauti hizo wamejua kwamba unashuka. Pole pole sana, lakini unaanguka. Kama wangezifuta, wasingejua."

Kosa la siku hiyo lilikuwa la kalamu. Simon aliamini wino ule unatoka kwa sabuni. Wanafunzi walimwambia ni ndugu wa ule wino waliotupaka vidoleni wakati wa kura ya maoni, ule uliokataa kutoka hadi kucha zikakua. Hakuwasikiliza. Siku ya pili mkewe alisimama getini, mtoto mgongoni, shuka mkononi ikiwa bado inatiririka maji. Huyo ndiye Mama Nyamal. Yeye pia alikulia Kakuma, na ulimi wake haukuwahi kuwa na kutu.

"Simon, hii ni shuka au ni ramani ya visima vya mafuta?"

"Ni njia ya mwezi, mama."

"Sawa. Huo mwezi usiku utalala kwenye njia yake. Na sisi tutalala kwenye nini?"

Walimu wote tulikuwa dirishani. Simon aliipokea shuka, akaniomba niifungie kwenye sanduku la bati mpaka atakaponunua nyingine. Hivyo ndivyo ilivyosalimika. Mwezi uliofuata waporaji walibeba nyumba yao yote, hadi milango.

Shule zilipofunguliwa mwaka uliofuata madawati yalikuwa na nafasi, na hakuna aliyeuliza ya nani. Waliokuwa wa kabila la Simon walikuwa kambini, nyuma ya uzio wa walinda amani, au hawakuwa mahali popote tulipojua. Lado alirudi jeshini na safari hiyo hakuja tena kuanzia alipoachia. Hapakuwa na mwalimu wa fizikia, nikaambiwa nifundishe mimi. Nilisoma karatasi za Simon jioni, nikafundisha asubuhi, na nilipoulizwa nisichokijua nilisema sikijui, nikaliandika swali ubaoni kushoto.

Waswa alikuwa amekimbilia Arua. Aliporudi alikuta kibanda hakina hata nguzo, lakini projekta alikwenda nayo mapajani na kurudi nayo mapajani. Nilimwomba, akaja. Tukaitundika shuka ile ile, na nikagundua kwamba tukiisogeza projekta mbele na nyuma hadi mwanga wa jua ukae sawa juu ya duara la Simon, mwezi hupita juu ya vidoa vyote, kimoja baada ya kingine. Filamu ikaanza. Mwezi ukagusa ukingo, na Waswa akavuta pumzi kama kawaida yake.

"Sasa nyinyi angalia! Jua iko pale. Adui..."

Akanyamaza. Darasani hakuna aliyecheka. Mwezi ukapita bila maneno hadi ukatoka. Alipoirudisha filamu mwanzo alijaribu upya, kwa sauti ya chini: "Mgeni anaingia. Ye iko na haraka. Ye napita." Tangu siku hiyo hakusema tena adui katika filamu ile.

Sasa lazima niseme jambo la nyumbani, maana bila hilo hamtaelewa mwisho. Hapa Juba mtu akifa tunaketi bika. Mwenye msiba hutandika chini, huketi, na watu huja kuketi naye siku kadhaa, wanakunywa chai, wanasali, wanalia, wanasimulia. Bika huanza na mwenye msiba. Mimi nilifanya kazi na Simon, alinifundisha karibu yote ninayojua, lakini siwezi kumtangulia mkewe kuketi. Naye Mama Nyamal hakuketi. Mtu alimwambia amemwona Simon upande wa mtoni. Mwingine akasema yuko Ethiopia. Alipotoka kambini alirudi kwenye kiwanja kile kile cha Gudele, akajenga kwa mabati, kwa sababu Simon akirudi atamtafuta hapo. Watu walishindwa hata namna ya kumsalimu: pole ya msiba, au pole ya kungoja? Wengi wakaacha kwenda.

Mimi nilikwenda kila Desemba. Tuliongea mambo ya bei ya mkaa na homa ya Nyamal. Nilipoaga alisema neno lile lile: "Na shuka yangu? Nyinyi walimu ni wezi wa matandiko."

"Iko kazini," nilimjibu. "Inafundisha."

"Basi mwambie mwenyewe akirudi ailete."

Nilikwenda nyumbani kwa miguu nikiwa na machozi ambayo hayakuwa na mahali pa kutolewa. Nilikuwa na hasira pia, naweza kuisema sasa. Nilitaka alie ili na mimi nilie.

Julai 2016 mji ulipigana tena. Ilipotulia, Waswa alikuja nyumbani kwangu na lile blanketi. "Madam, hii kitu ikae na wewe," alisema. "Mimi nachoka kukimbia na yeye kama mtoto. Lakini usiache watu nalala." Akaenda Arua, na huko yuko hadi leo. Miaka yote iliyofuata niliionyesha filamu peke yangu. Sina kipaji chake. Nilipofika pale mwezi unapoingia niliwaambia wanafunzi kwamba hapa palikuwa na mtu anasema maneno, na nikawasomea maneno yake. Yale ya mgeni. Walicheka mahali pake.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini nashangaa kwamba mwezi unapita juu ya vidoa, na filamu ni ile ile. "Ustaza, si lazima upite hapo?" Nilimwambia ni kweli, lazima. Nilichofurahia hakikuwa fizikia, na sikumdanganya kwamba ni fizikia. Kwa hiyo msiwaambie wanafunzi kwamba vidoa vinathibitisha kitu. Vidoa ni kazi ya darasa la mwaka ule, basi. Wenu watie alama zao kwenye karatasi, wapime wenyewe, wakosee wenyewe.

Mwaka huu, kabla ya kuondoka, nilifundisha somo hilo mara ya mwisho. Nyamal, yule aliyekuwa mgongoni getini, sasa ni mrefu kuliko mimi na alikuwa katika darasa hilo. Shuka haikuwa mali ya shule wala yangu, nikamtuma amwambie mamake kwamba nastaafu na nataka kuirudisha. Nilidhani nitaipeleka Gudele mwenyewe. Lakini asubuhi ya somo Mama Nyamal alisimama mlangoni.

"Nimekuja kuchukua shuka yangu."

"Karibu, Mama Nyamal. Tuna somo, tukimaliza tu unaichukua."

"Miaka yote hii hamjamaliza?" alisema, na darasa likacheka. Akakaa kwenye benchi la nyuma, mkoba magotini.

Hakuwa amewahi kuiona filamu ile. Wanafunzi walisema walichotarajia, nikaandika. Nikaiwasha. Mwezi ukaingia, ukapita juu ya vidoa, ukatoka. Wakasema karanga, kama kila mwaka. Tulipima, tukahesabu, nikaeleza habari ya hesabu za waliopiga filamu na zile tofauti ndogo. Nilipouliza kama kuna swali, mkono uliinuliwa nyuma.

"Mwalimu, alama za Simon ni zipi?"

Nikamwonyesha. Duara, na kidoa cha kwanza. Vingine ni vya wanafunzi.

Akauliza tena, "Hawa wa kamera. Wamehesabu, wanangoja saa yao. Kitu kisipokuja, wanangoja mpaka lini?"

Nilimjibu kama nilivyokuwa nikiwajibu wanafunzi kila mwaka, kwa sababu wengi huuliza. "Hawaendelei kungoja. Wanaandika kwamba hakikuja. Halafu wanahesabu upya kuanzia hapo."

"Wanaandika."

"Ndiyo. Tulichotarajia, na tulichoona. Hawafuti upande wowote."

Nilikuwa nimeshaanza kuisikia sauti yangu mwenyewe na nikatamani kuongeza neno, lakini kengele ililia. Nyamal na wenzake waling'oa misumari, wakaikunja shuka, Mama Nyamal akaiweka kwenye mkoba wake, akaniaga kwa mkono.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafunga vitu vyangu vya ofisini Nyamal alipoingia bila kubisha. "Ustaza, mama anakuita."

Tulichukua boda boda hadi Gudele. Kiwanja kilikuwa kimefagiwa na kunyunyiziwa maji. Jirani mmoja alikuwa anawasha mkaa chini ya birika kubwa, na vijana walikuwa wanashusha viti vya plastiki vya kukodi. Kwenye kivuli cha ukuta wa mabati shuka ilikuwa imetandikwa chini, duara la jua katikati, na Mama Nyamal ameketi ukingoni mwake, kichwa amekifunga kitambaa cheusi. Wanawake wawili walikuwa wameketi kando yake tayari.

Nilivua viatu. Nilisimama pale nikitafuta pa kupita, nisije nikaukanyaga ule mstari wa vidoa.

"Kanyaga tu, Mwalimu," Mama Nyamal alisema. "Ni shuka."

Nikapita, nikaketi karibu naye, na yeye ndiye aliyeanza kulia.